Mgonjwa Asilipe kwa Siri Yake: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Wasimamizi wa Kesi, kutoka Lokiriama hadi Kakuma

Haya yameandikwa kwa anayeshika faili. Daktari anayeandika dawa ana maadili yake na chama chake. Mkurugenzi anayetia sahihi ripoti huko Nairobi ana wanasheria wake. Wewe uko katikati: muuguzi wa Lokiriama anayehangaika kupata gari la kumfikisha mama Lodwar, mhudumu wa afya ya jamii anayepita boma kwa boma na begi mgongoni, mkimbizi anayelipwa posho katika kambi ya Kakuma kufuatilia wagonjwa wa mtaa anaoishi yeye mwenyewe. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika kumi. Wewe unakaa naye miezi, unajua analala na nani, anadaiwa na nani, na mtoto yupi si wa mumewe. Ndiyo sababu maagizo haya ni makali.

Turkana, huduma nyingi huja na gari lenye nembo mlangoni. Mgonjwa akiliona anadhani amefanyiwa hisani, na aliyefanyiwa hisani hutafuta cha kulipia. Fedha hana, basi hulipa kwa alicho nacho: picha ya mtoto wake aliyekonda, dole gumba kwenye fomu asiyoielewa, jina la mume, malisho walipo mbuzi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na kinakataza yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema kila raia. Kilisema kila mtu, na mkimbizi yumo. Deni halipo, na usikubali lidaiwe kwa mlango wa nyuma.

USIANDIKE MAHALI MIFUGO ILIPO

Naanza na hili kwa sababu vitabu vya mafunzo haviligusi, navyo huandikwa mahali ambapo anwani ya mtu ni mtaa na namba ya nyumba.

Mgonjwa wa Lokiriama huhama. Kiangazi kikikaza, adakar nzima, yaani kundi la kaya zinazochunga pamoja, huvuka mpaka kwenda upande wa Moroto, Uganda, kutafuta maji na majani, wengi wakielekea bwawa la Kobebe. Msimamizi mwenye bidii, asiyetaka kumpoteza mgonjwa wa kifua kikuu, huandika kila kitu: ameondoka na kaka zake, wana ng'ombe kiasi hiki, wamepitia njia hii, watapiga kambi pale. Anadhani ameandika rekodi ya afya. Kumbe amemwandalia mwizi wa mifugo ramani, na ikitokea operesheni ya usalama amemwandalia askari orodha.

Lokiriama yenyewe inajulikana kwa mapatano ya amani yaliyofikiwa hapo tarehe 19 Desemba 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, na kila mwaka watu wa pande zote mbili hukusanyika kuyakumbuka. Lakini mapatano hayakuufanya mpaka kuwa uwanja wa mpira. Mei 2023 Rais wa Uganda alitoa amri iliyowapa wafugaji wa Turkana wenye silaha miezi sita wazisalimishe, la sivyo waondoke na mifugo yao. Katika majira kama hayo, daftari la zahanati linaloonyesha ni kijana yupi yuko kambi ipi ni hatari kwa kijana huyo, na ni hatari kwa zahanati pia, kwa kuwa habari zikienea kwamba muuguzi ndiye aliyetoa taarifa, hakuna atakayeleta mtoto kuchanjwa.

Unachotakiwa kuandika ni mtu wa kuulizwa, wala si mahali pa kwenda. Mwambie mgonjwa akuchagulie mwenyewe: dada aliyebaki sokoni, mwenye duka, mzee anayepokea ujumbe wa watu wa fora, kambi za malisho za mbali. Andika jina la mtu huyo kwa ruhusa yake, na namba ya simu ikiwepo. Kisha msomee mgonjwa ulichoandika. Akikuambia ufute neno, lifute mbele yake.

Ofisa yeyote wa usalama akija kuomba daftari, muulize ana amri ya mahakama. Kama hana, mpe kiti na maji, na daftari libaki kabatini. Pigia wakubwa wako simu yeye akiwa bado hapo.

USIMTUMIE CHIFU KUMKAMATA ALIYEACHA DAWA

Mwaka 2010, huko Kapsabet, wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walifungwa gerezani kwa amri ya mahakama, ati watibiwe humo kwa miezi minane. Walioomba amri hiyo walikuwa watu wa afya, wenzetu. Machi 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafunga gerezani kulivunja Katiba: mgonjwa anaweza kutengwa kwa ajili ya tiba pale inapobidi, lakini gereza si wodi. Kila msimamizi wa kesi anapaswa kuijua hukumu hiyo kama anavyojua rangi za vidonge vyake. Bado nasikia vitisho vile vile vikitolewa kwenye mabaraza, na mara nyingi huanza na mhudumu aliyechoka kutembea juani akimfuata mtu mmoja.

Uchovu huo naujua na siudharau. Ila jibu lake lilipatikana zamani, na lilipatikana kaskazini hii hii. Mwaka 1976 huko Wajir, Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria, aliwapokea wafugaji wenye kifua kikuu kwenye vibanda walivyojenga kwa mtindo wa kwao karibu na kituo, wakala dawa mbele ya macho ya mtu hadi wakamaliza. Watu wakapaita manyatta ya TB. Mtindo ukaenea maeneo ya wafugaji, na utaratibu wa kumeza dawa mbele ya msimamizi baadaye ukawa kanuni ya dunia nzima. Hakumfunga mtu. Aliuliza kwanza mfugaji anaishi vipi, akayapanga matibabu kufuata maisha hayo. (Alifukuzwa Kenya baada ya kupaza sauti juu ya mauaji ya Wagalla, Wajir, ya 1984, na aliuawa kwa risasi Borama, Somaliland, mwaka 2003. Kazi hii haijawahi kuwa ya salama.)

Basi uliza. Kifua kikuu cha kawaida kinahitaji miezi sita, na miezi sita haipiti Turkana bila kuhama. Kabla hujampa mtu kidonge cha kwanza, kaa naye mhesabu: mvua itanyesha lini, watahama lini, atakuwa amefika mwezi wa ngapi wa dawa. Mpe barua ya uhamisho inayosomeka Moroto kama inavyosomeka Lodwar. Kwa kala-azar hali ni ngumu zaidi, maana tiba ya sindano inachukua siku 17, kila siku, hospitalini. Mama akikataa kulazwa usimwandike mkaidi. Muulize nani atakamua mbuzi na nani atalala na watoto. Ukilipatia hilo jibu, mara nyingi ukaidi unaisha siku hiyo hiyo.

DOLE GUMBA SI RIDHAA

Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za kumtibu, faida, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa, na inamtambulia haki ya kukataa. Haikutaja wino wa zambarau mahali popote. Ukishamaliza kueleza, mwambie mgonjwa akueleze wewe: tunakwenda kufanya nini, na ukikataa kitatokea nini? Akishindwa kujibu, hujaeleza.

Swali la pili ndilo linalopima ukweli wetu. Kakuma utasikia mgonjwa akijibu kwamba akikataa atapunguziwa chakula. Hofu hiyo hakuitoa hewani. Mwaka 2025 mgao ulipopungua na familia zikagawanywa makundi kulingana na uhitaji, kila fomu kambini ilianza kuonekana kama fomu ya chakula. Kwa hiyo kila mara, hata kama umechoka kulirudia, sema waziwazi: karatasi hii haihusiani na mgao wako; ukikataa, hakuna kitakachopungua. Kama huna uhakika kwamba ni kweli, usiseme, na usichukue hilo dole.

Kuhusu waume. Mwanamke mtu mzima anajitolea ridhaa mwenyewe, kisheria hakuna mjadala. Lakini nisikudanganye kwamba sheria hiyo imefika kila boma. Mama amepata uchungu, mtoto amekaa vibaya, anahitaji upasuaji Lodwar, na mama mkwe anasema tusubiri mwanaume arudi kutoka fora. Ukianza kubishana saa hiyo umechelewa miezi mitano. Jambo hili huulizwa kliniki ya wajawazito, mama akiwa peke yake: tukihitaji kukupeleka Lodwar usiku, nani atasema twende? Yeye mwenyewe? Vizuri, tuandike. Anataka mume au mama mkwe ashirikishwe? Waitwe mapema, waelezwe, wakubali kungali mchana. Na uchungu ukija nao bado wanabishana, mama akisema twende, mnakwenda.

CHAGUA MKALIMANI KAMA UNAVYOCHAGUA SINDANO

Kakuma ilianza mwaka 1992 na vijana waliotembea kutoka Sudan. Leo ikihesabiwa pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000, na foleni moja ya kliniki yaweza kuwa na Msomali, Mdinka, Mnuer, Mkongo, Mrundi, Muoromo na Mturkana wa hapo hapo. Kila mmoja amekuja na vita vyake. Msimamizi anayemwita mtu yeyote aliye karibu atafsiri anaweza kumkalisha mwanamke aliyebakwa mbele ya mtu wa kundi lililombaka.

Usimtumie mtoto kumtafsiria mama yake. Usimtumie mume kumtafsiria mke. Usimtumie mlinzi wa lango, hata kama anajua lugha tano. Muulize mgonjwa kwanza, kwa ishara ikibidi, kama anamtaka mtu huyu. Mpe nafasi ya kukataa bila kutaja sababu, kwa kuwa kutaja sababu ndiko kunakomponza. Mkalimani wa simu aliye mbali wakati mwingine ni bora kuliko jirani aliye kitini.

Na wewe mfanyakazi mkimbizi, ambaye posho yako ni ndogo kuliko mshahara wa Mkenya mnayefanya naye kazi ile ile: unarudi jioni kuchota maji kwenye bomba moja na wagonjwa wako. Watu watakuuliza kwa utani fulani anaumwa nini. Jibu liwe moja siku zote, kwa ugonjwa mkubwa na kwa mafua, ili kunyamaza kwako kusije kuwa jibu. Waajiri nao waache kushangaa siri zinapovuja huku wakiwalipa watunza siri hela ya sabuni.

SIMU YAKO ISIWE KABATI LA MAFAILI

Hakuna picha ya mgonjwa kwenye grupu la WhatsApp. Hakuna, hata kama umefunika macho yake. Shanga za shingoni zinamtambulisha mtu Turkana haraka kuliko uso. Ukihitaji ushauri wa daktari wa Lodwar juu ya kidonda, piga picha ya kidonda tu kwa ruhusa ya mgonjwa, mtumie daktari huyo mmoja, ifute akishajibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu taarifa ya afya kuwa nyeti, na haitofautishi kompyuta ya wizara na simu yako yenye kioo kilichopasuka.

Orodha za majina ni mbaya kuliko picha. Februari 2015 serikali iliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wenye virusi vya UKIMWI. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Nia ilikuwa njema, walisema, ni kupanga dawa. Siku zote nia huwa njema. Ukiombwa orodha, toa idadi. Wakisisitiza wanataka majina, waandike barua, waeleze ya nini, nani ataiona na itaharibiwa lini. Wengi hawarudi tena baada ya hapo.

Na wageni wa wafadhili wenye kamera: mgonjwa haulizwi kuhusu picha akiwa kwenye foleni ya huduma. Aulizwe baadaye, akiwa ameshapata dawa yake na ameshika njia ya kwenda nyumbani. Utaona idadi ya wanaokubali inavyoshuka.

USIMWITE MAMA MWIZI

Mtoto mkono wake umepimwa kwa utepe, uko chini ya sentimita 11.5, ameandikiwa pakiti za wiki za Plumpy'Nut, chakula cha tiba ya utapiamlo. Wiki ijayo uzito haujapanda. Kila msimamizi anajua kilichotokea: pakiti zimeliwa na ndugu wanne, au mbili zimeuzwa kununua unga. Hapo wengine huwa mahakimu. Humfokea mama mbele ya foleni na kumtishia kumwondoa kwenye mpango.

Ukifanya hivyo, wiki ijayo atakudanganya, na wiki ya tatu haji. Fikiria alichofanya: alikuwa na watoto watano wenye njaa na chakula cha mmoja. Ungekuwa wewe ungewafungia wanne nje ya nyumba? Uliza wako wangapi, wapime wote, na andika kwenye faili kwamba kaya haina chakula, ili aliye juu yako asisome kwamba mama hana nidhamu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na hili la pili halipo.

EMURON ASIDHARAULIWE, WALA ASIACHIWE MGONJWA ANAYEKUFA

Mgonjwa wa tumbo lililovimba, labda kwa yale mafuko ya maji yaletwayo na minyoo ya mbwa ambayo kwa muda mrefu yaliifanya Turkana itajwe miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani, mara nyingi amepita kwa emuron, mganga wa jadi, kabla ya kufika kwako. Muulize alipewa nini na alichanjwa wapi, kwa sauti ile ile unayouliza kuhusu dawa za duka. Unahitaji jibu la kweli, na anayechekwa hasemi kweli. Ukimjua emuron wa eneo lako, mtembelee. Mkubaliane dalili chache ambazo akiziona atakutumia mtu: mtoto anayedegedeka, mama anayevuja damu, homa inayozidi wiki. Zaidi ya hapo mwache na shughuli zake.

ALIYEBAKWA HANA WIKI YA KUSUBIRI WAZEE

Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72. Hesabu inaanza tangu tukio, wala si tangu wazee wakae chini ya mti. Matibabu kwanza, polisi baadaye, na mtu mzima asiyetaka kwenda polisi atibiwe vile vile bila kulaumiwa. Fomu ya hospitali ijazwe siku hiyo, nguo zihifadhiwe kwenye karatasi, plastiki huharibu ushahidi.

Usikae kwenye kikao cha kupanga mbuzi wa fidia. Usikibariki hata kwa kunyamaza kwenye kona. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haikuwapa wazee, wazazi, wala wewe mamlaka ya kufuta kesi ya jinai. Aliyebakwa akiwa mtoto, una wajibu wa kutoa taarifa, na umwambie tangu mwanzo kwamba kuna mambo akikueleza hutaweza kuyaficha. Usimwahidi siri kisha ukamgeuka.

ALIYETAKA KUJIUA NI MGONJWA

Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Usimpeleke kituo cha polisi. Kaa naye.

USIUZE WALA USIPAMBE RIPOTI YA NG'AMBO

Kakuma, karatasi ya daktari inaweza kuhesabiwa mtu anapofikiriwa kuhamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya. Hapo ndipo msimamizi hujaribiwa kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2001 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifichua mtandao uliokuwa ukiwatoza wakimbizi fedha jijini Nairobi kwa ajili ya safari hizo hizo. Wasomaji wa Kakuma hawahitaji kukumbushwa. Wanajua bei za wakati ule na uvumi wa bei za baadaye.

Kuuza ripoti kunaeleweka kwamba ni jinai. Ninachotaka kukisema kwa ukali ni kile kingine, cha huruma. Mama ana mtoto mgonjwa wa moyo, unamwonea imani, unaongeza maneno mawili kwenye muhtasari wa faili ili kesi ionekane nzito. Umemhurumia huyu, umemsukuma nyuma mwingine usiyemjua ambaye muhtasari wake ni wa kweli. Na siku wapokeaji wakigundua kwamba ripoti za kituo chenu hupambwa, hata za kweli zitatiliwa shaka. Andika kilichopo. Kisha pambania kilichopo kwa nguvu zote: piga simu, fuatilia, kumbusha.

Na usimwahidi mtu safari. Januari 2025 Marekani ilifunga mlango kwa wakimbizi wengi waliokuwa wameshauza vyombo vyao. Aliyewaambia "mmeshapita" hakuwepo kuwasaidia kununua sufuria upya.

ZAWADI

Chai, pokea. Maziwa, pokea, kunywa papo hapo, shukuru. Mbuzi, hapana, sema mradi unakataza, hata kama mradi umesahau kukataza, maana kumkatalia mzee mbuzi kwa jina lako ni kumtukana. Fedha, kamwe. Usikopeshe, usikope.

RUFAA HAIISHI MLANGONI

Hili ndilo doa letu kubwa, tukubali. Tunaandika barua ya rufaa, tunampakia mgonjwa garini, tunaandika "amepelekwa", tunafunga ukurasa.

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na mvua ikinyesha, laga (mito ya msimu) zikijaa, hata mwendo huo unaweza kukwama. Lodwar ikishindwa, ni Eldoret, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Mkimbizi anahitaji pia kibali cha kutoka kambini kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, na kibali kina tarehe ya kuisha ambayo ugonjwa hauijui. Mturkana wa Lokiriama naye, akiwa hana kitambulisho, atafika dirishani aulizwe kama amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024. Haya yote ni kazi yako kabla gari halijawashwa. Piga simu kunakopokelewa, pata jina la mtu, wala usiridhike na jina la idara. Hakikisha kibali kina siku za ziada. Usajili ufanywe mgonjwa akiwa bado mzima wa kuongea, na kama ni dharura, mkumbushe wa dirishani kifungu cha 43: tibu kwanza.

Kisha mweleze mgonjwa na jamaa zake yale ambayo hakuna anayetaka kuyataja. Atarudije? Nauli ya kurudi iko wapi? Na akifia Eldoret, mwili utarudishwa na nani? Familia nyingi zimeuza mifugo yote kugharamia jeneza na gari kwa kuwa walidhani aliyempeleka ndiye atakayemrudisha. Kama shirika lako halilipi usafiri wa maiti, liseme hilo siku ya kuondoka, kwa upole, mbele ya anayefanya uamuzi. Mwingine akisikia atachagua kumwuguza mgonjwa wake nyumbani. Ni haki yake, na huduma ya kumpunguzia maumivu iendelee pale pale nyumbani. Usimfutie faili kwa kuwa amekataa safari.

Hospitali kumzuia mgonjwa aliyeruhusiwa kwa sababu ya deni, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2015, katika kesi ya akina mama wa Pumwani, kwamba ni kinyume cha Katiba. Ukisikia mgonjwa wako amezuiliwa, nenda na hukumu hiyo mkononi.

USIFUNGUE KESI USIYOWEZA KUIKABIDHI

Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla, wasimamizi wa kesi katika nchi nyingi waliambiwa waache kazi siku ile ile. Mgonjwa aliyekuwa amemweleza mtu mmoja duniani kwamba ana virusi, au kwamba mjomba wake humwingilia, alifika asubuhi akakuta mlango una kufuli.

Hukuisababisha hali hiyo, lakini inayofuata itakukuta umeshaonywa. Kila mgonjwa ajue tangu siku ya kwanza kwamba mradi una mwisho. Kila faili liwe na ukurasa mmoja wa juu, ulioandikwa vizuri, ambao muuguzi wa serikali anaweza kuusoma kwa dakika mbili na kuendelea: ugonjwa, dawa, tarehe ya kurudi, hatari, na kile ambacho mgonjwa hataki kiulizwe tena. Nakala ya ukurasa huo apewe mgonjwa anayeweza kuihifadhi salama. Asiyeweza, kwa mfano mwenye mume anayepekua mizigo, asipewe. Apewe jina la mtu wa kumwona.

Mafaili yasihamie nyumbani kwako, yasipakiwe kwenye gari la shirika linaloondoka, yasichomwe nyuma ya ofisi na mlinzi. Yakabidhiwe kituo cha wizara kwa orodha na sahihi, mgonjwa akiwa ameulizwa kama anakubali. Anayekataa faili lake lihamishwe, liharibiwe mbele yake.

Simu ya kazi usiirudishe ikiwa na majina. Na laini usiirudishe kabla hujampigia kila mgonjwa kumpa namba ya zahanati, kwa sababu namba ya zamani ataendelea kuipiga, na atakayeipokea hatakuwa wewe.